Toronto Hadi Muthangari

Nilitumwa uwanja wa ndege kwa sababu ya mdomo wangu. Anti Njeri alikuwa angani, anakuja kumwona mama yake hospitalini, na mama yake, shosho yangu, alikuwa amefariki alfajiri. Kwetu mtu hapewi habari kama hiyo njiani. Hupewa nyumbani, akiwa ameketi, ameshakunywa chai, wazee wamemzunguka. Grupu ya familia ya WhatsApp ikafungwa. Kisha Anko Kamau, ndugu yake Anti, akanigeukia.

"Si huwa unafukuzwa darasani kwa kelele? Leo piga hiyo kelele yako mpaka turudi."

Tulitoka nyumbani Muthangari asubuhi, mvua ya rasharasha, hakuna redio. Nilikuwa nimekaa na Shosho jioni iliyotangulia, hospitalini huko Upper Hill.

"Hiyo Toronto ni mbali aje?" aliniuliza.

Nikaangalia simu. "Kilomita elfu kumi na mbili, Shosho. Ndege ikienda moja kwa moja, kama saa kumi na tano. Lakini yeye anabadilisha. Saa hii anangoja ndege nyingine Ulaya."

"Mwambie asingoje."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Uwanjani, Anti alitoka akisukuma masanduku mawili, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Anti! Huko mnalishwa nini, mbona umejaa hivi?"

"Na wewe bado hujachapwa ukatosha?" Akanikumbatia. "Mama ameamkaje?"

Anko alianza kupigana na sanduku ambalo halikuwa limemkosea. Nikaingilia na hadithi ya mwalimu wetu wa jiografia, aliyetupeleka Naivasha akatupoteza njiani, ramani ikiwa mkononi.

Mombasa Road nzima niliongea. Niliigiza mwalimu, dereva, hata ng'ombe tuliyemuuliza njia. Anti alicheka mpaka akajipangusa machozi, na kila alipocheka nilijihisi kama mwizi. Katikati ya hadithi alitoa soksi za sufu kwenye mkoba.

"Miguu yake hushikwa na baridi. Hebu gusa. Si ni laini?"

"Ni laini, Anti."

Kwenye mzunguko wa Bunyala, njia ya kwenda Upper Hill iko kushoto. Anko alinyoosha moja kwa moja.

"Kamau, hospitali si ni huku?"

"Tupitie nyumbani kwanza. Upate chai."

Anti ndiye aliyewahi kuwawekea wengine chai hiyo, kabla hajaenda Canada. Alitazama maghorofa ya Upper Hill mpaka yakaisha, soksi mapajani. Mimi nilikuwa nimenyamaza, mara yangu ya kwanza tangu kuzaliwa.

"Endelea," akaniambia polepole. "Mwalimu alipotea. Halafu?"

Nikaendelea. Westlands, Waiyaki Way, mpaka getini, ng'ombe na kila kitu, na hakuna aliyecheka. Siku hiyo nilijifunza kwamba mtu anaweza kujua jambo lote na bado awaachie wenzake nafasi ya kumwambia.

Nyumbani wazee walikuwa wamepanga viti. Anti aliwasalimia kwa mkono mmoja mmoja, akaketi, akanywa kikombe chote bila kupumzika. Akakiweka chini.

"Haya," akasema. "Niambieni."