Fundi Kavu na Mlimao wa Mama Mkwe

Fundi bomba huyu watu wote walimwita Kavu, na jina lilimkaa sawasawa, maana tone la maji lilikuwa linamkosesha raha. Akikaribishwa mahali, kabla hajamaliza salamu sikio lake limeshafika jikoni. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni walimwacha sebuleni na soda yake. Mama mkwe alipoingia jikoni akakuta soli za viatu zimechomoza chini ya sinki. Ndivyo walivyofahamiana, viatu kwanza, uso baadaye.

Mama mkwe huyo alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, mwanamke wa maneno machache na chaki nyingi. Mwaka mmoja bomba la darasani kwake lilipasuka, shule ikamwita Kavu. Akawa amelala chali chini ya karo la kunawia mikono huku somo likiendelea. Mwalimu alikuwa ameweka mezani mlimao wake mwenyewe, uliopandwa kwenye ndoo ya bluu, akionyesha kwa rula. Mizizi hushikilia mmea udongoni na kufyonza maji yenye virutubisho. Shina huyapandisha hadi kwenye majani. Majani hupika chakula kwa mwanga wa jua, na chakula hicho husambazwa mmea mzima. Ua ndilo linalozaa tunda, na ndani ya tunda zimo mbegu.

Ikasikika sauti kutoka chini ya karo.

"Samahani, mama. Pampu yake iko wapi?"

Wanafunzi sitini waliangua kicheko. Mwalimu akasema, kwa upole wa kiofisi, kwamba mmea hauna pampu, na mwenye swali anyooshe mkono. Kavu akanyoosha mkono, na spana ikiwa ndani yake, lakini kengele ikalia.

Swali lile halikumtoka. Miaka ishirini alikuwa akiwaambia wateja kwamba maji hayapandi ghorofani kwa kubembelezwa. Kumbe kuna miti mirefu kuliko tangi la hospitali inayopeleka maji kileleni bila umeme, bila kelele, bila fundi. Akawa anatafuna chakula bila kujua anakula nini. Mkewe alimshauri akamuulize mama, naye akajibu kwamba mtu habishani na mkwe wake, hasa akiwa amelala chali mbele ya watu.

Shule zilipofunga, mama mkwe alisafiri wiki mbili kumtazama dada yake, akawaachia Kavu na mkewe ule mlimao. Ulikuwa umetoa maua kwa mara ya kwanza. Aliagiza upewe kikombe kimoja cha maji kila asubuhi, basi.

"Msiongeze ufundi," alisema, akimtazama Kavu.

Siku ya kwanza Kavu alijizuia. Siku ya pili alivisha tawi moja mfuko wa plastiki aone maji yanaishia wapi, akaufunga kwa uzi, na ilipofika saa nane mchana mfuko ulikuwa na ukungu, matone yakiteremka kwa ndani. Ikabidi akae chini. Mti wa mama mkwe ulikuwa unavuja, tena kwenye majani, na pengine ulivuja miaka yote hiyo bila mtu wa kumwambia.

Mwingine angenyamaza. Kavu alichukua kopo la mafuta ya mgando la mkewe, akageuza jani la kwanza na kulipaka upande wa chini, ambako fundi yeyote huanza kutafuta panapovuja. Majani yalikuwa mia moja na saba. Alipomaliza akarudisha mfuko, na jioni ulikuwa mkavu kabisa. Akajipongeza kwa chai mbili.

Baada ya siku tatu udongo ulikuwa bado umelowa chapachapa; mlimao ulikuwa umegoma kunywa. Siku ya sita majani yakaanza kuwa ya njano, maua yakadondoka moja moja. Mkewe alipoona kopo lake tupu, na majani yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi, alikaa kwenye ngazi akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaacha ghafla, maana alimjua mama yake.

Wakaanza kusugua kwa pamba, sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Mama mkwe, aliyekuwa amechoshwa na maneno ya dada yake, alirudi siku mbili kabla ya wakati. Alimkuta mkwe wake amepiga magoti mbele ya ndoo, ameshika jani kwa vidole viwili kama anayemfuta mtoto kamasi.

"Shikamoo, mama," Kavu alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Ulikuwa unavuja, mama. Nikauziba."

Akasimulia yote, akianzia kwenye mfuko, bila kujitetea. Mama mkwe akavuta kigoda akaketi. Alimweleza kwamba chini ya jani kuna vitundu vidogo mno, macho matupu hayavioni. Humo jani huingiza hewa ya kupikia chakula, na humo humo maji hutoka yakiwa mvuke. Yanayotoka juu huvuta yaliyo nyuma yake, nayo huvuta mengine, hadi mizizini, kama uzi unaotoka kwenye kibunda. Ukiziba vitundu, hakuna kinachovuta.

Kavu aliliweka jani chini taratibu.

"Kwa hiyo kuvuja ndiyo pampu yenyewe."

"Ndiyo hiyo."

Machozi yakamlengalenga. Mama mkwe alidhani anajuta. Mkewe alijua ni furaha.

Mlimao ulipoteza majani thelathini na maua yote isipokuwa moja, ambalo baadaye lilizaa limau dogo lililopinda. Shule zilipofunguliwa mwalimu alimwita Kavu aeleze mwenyewe darasani, naye alizungumza saa nzima, mpira wa maji ukiwa begani, hadi darasa la jirani likaja kuchungulia madirishani. Kwenye mtihani hakuna aliyekosa swali la shina.

Hata hivyo, safari iliyofuata mama mkwe hakuwaachia mmea. Aliukatia tiketi ya basi, akauketisha dirishani na kuufunga mkanda. Kondakta alipouliza huyu abiria ni nani, alijibu kwamba ni mgonjwa, anatoka kwa fundi.