Blanketi Lililomwagiwa Chai

Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Kule alikohamia kikazi hakuna aliyelijua jina hilo. Katika chumba cha kufulia cha hoteli, ambako alisimama kutwa akinyoosha mashuka, yeye alikuwa "dada wa pasi" tu, na mashine zilinguruma kiasi kwamba hata angepiga soga, nani angemsikia?

Utotoni hakukipenda kiangazi. Shule zikifungwa, wenzake walikwenda kucheza. Kwao ulikuwa msimu wa mablanketi. Baba, dereva wa lori ambaye miezi mingine alionekana nyumbani kwa nadra, alichukua likizo wakati huo, akatoa mablanketi yote uani, akajaza maji beseni kubwa la bati na kuwaamuru mabinti zake wawili waingie wakanyage. Mwenyewe alishika mpira wa maji kama afande.

"Kushoto! Kulia! Chiriku, kinachofua ni miguu, si mdomo!"

Mama alisuuza pembeni, akijifanya hawaoni wakirushiana mapovu. Jioni wote walikuwa hoi, wamejilaza chali kwenye sakafu ya sebule kutafuta ubaridi wa saruji, huku baba akisimulia safari zake na kuzitia chumvi. Chiriku aliapa kimoyomoyo kwamba akikua atakaa mbali na sabuni. Miaka baadaye, kila alipofungua mlango wa mashine ya hoteli, kiapo hicho kilimchekesha peke yake.

Tatizo ni kwamba kiangazi ndicho wakati hoteli hufurika wageni. Likizo yake ilimwangukia kwenye baridi, dada yake akiwa kazini na baba akiwa amejifunika gubigubi. Alikwenda, akarudi, akahisi hajafika.

Siku moja mgeni alileta blanketi la sufu lifuliwe kwa mkono. Lilipolowa, harufu yake ilimpanda Chiriku puani, akabaki ameinamia beseni. Msimamizi, mama mmoja asiye na mzaha, akasimama nyuma yake.

"Unalia?"

"Ni mvuke, bosi."

"Maji yenyewe ya baridi. Mvuke umetoka wapi?"

Chiriku akamweleza yote. Msimamizi alisikiliza amekunja uso, kisha akasema, "Nenda kiangazi hiki. Mimi nitajua la kufanya."

Chiriku alifika nyumbani kiangazi hicho. Mama alimkalisha kwenye kochi zuri, akamletea maji katika glasi ya kabatini. Chiriku akaitazama ile glasi.

"Mama, kikombe changu kiko wapi?"

"Tulia mwanangu, umetoka mbali."

"Na mablanketi tunafua lini?"

Dada yake mkubwa, mshonaji aliyebaki na wazazi, alijibu bila kuondoa macho kwenye cherehani. "Nimeshafua. Wiki iliyopita."

"Si mngenisubiri?"

Cherehani ikanyamaza. "Kwako wewe ni kumbukumbu, Chiriku. Kwangu ni mgongo. Baba mguu haumpi nafasi, mama ana presha. Beseni lile naingia peke yangu kila mwaka."

Sauti ya Chiriku ilitoka ndogo.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ukipiga simu tukwambie nini? Tunasema sote wazima, basi."

Mama akajitia kufuta meza iliyokwisha kufutwa. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mguu mbovu juu ya kigoda, blanketi safi limekunjwa kando yake. Aliwatazama mabinti zake kwa zamu. Kisha akainua kikombe chake na kukiinamisha taratibu, chai ya maziwa ikalimwagikia lile blanketi mpaka tone la mwisho.

"Alaa," akasema. "Uzee huu."

"Baba!" dada akang'aka. "Nimekuona! Umemwaga kusudi!"

"Mimi? Na lile lililoko chumbani nalo nimelitilia shaka."

Dada alijikaza asicheke, akashindwa. Kicheko kilimtoka hadi akashika ubavu, na Chiriku naye akadakia. Wakaingia beseni wote wawili, wameshikana mabega wasiteleze, wakakanyaga huku baba akitoa amri kutoka kizingitini. Mama alisema ana presha, yeye atatazama tu. Baada ya muda kidogo alikuwa amepandisha sketi na kuzamisha miguu, na hakuna aliyethubutu kumtoa.

Walipokuwa wakikamua, mmoja ncha hii, mwingine ile, Chiriku alimwambia dada yake, "Likizo yangu ikiisha tutaondoka wote. Ukakae kwangu kidogo."

"Na wazee?"

"Binamu yetu amekubali kuja kukaa nao. Nimeshamuuliza."

"Ulimuuliza saa ngapi?"

"Ulipokwenda kutafuta sabuni."

Dada alikamua blanketi kwa nguvu mpya, maji yakamlowesha mpaka kiunoni.

Na kweli walikwenda. Asubuhi ya kwanza, katika chumba cha kupanga cha Chiriku, dada alilala hadi jua likawa kali, bila kuamshwa na mtu. Chiriku alimwachia chai kwenye chupa, akavaa viatu vyake nje ili asimwamshe, akaenda kazini. Siku hiyo alisema sana, mpaka msimamizi, aliyemsikia tangu mlangoni, akaja kuuliza kama mashine zimeharibika.