Mkwaju wa Kaimu Watafutiwa Chungu

Saa moja na nusu asubuhi, Narung'ombe. Kaimu Awadhi amepiga magoti uani kwa dada yake, mbele ya vyungu kumi na saba vilivyopangwa juu ya majani makavu, na hakuna hata kimoja anachokitazama kwa macho ya mtu anayetaka kupikia.

Anapima kina kwa kidole gumba. Anapima upana kwa shubiri. Anakiinua kimoja, anakigeuza kitako juu, anakirudisha. Kando yake, kivulini, kuna gunia lililoloweshwa maji, na ndani ya gunia kuna mti.

Si mche, msidhani. Ni mkwaju kamili, wenye shina lililopinda, magome yaliyopasukapasuka na matawi yaliyotanda kila upande, ila urefu wake haufiki kiwiko cha mkono. Una umri wa miaka sita au saba. Majani yamepukutika karibu yote, na yaliyobaki ni ya njano.

"Jua likizama haujapata chungu, umekwenda," anasema Kaimu bila kuinua kichwa. "Mizizi imeoza nusu. Nimeutoa juzi. Mti ulio katika hali hii unahamishwa mara moja tu. Ukiupa chombo kibaya leo, basi tena."

Dada yake, Mwamina binti Awadhi, anakanda udongo huku akicheka. Ni mfinyanzi anayejulikana kuanzia hapa hadi Malolo. "Watu wanakuja kwangu kutafuta chungu cha maharage, wengine mtungi wa maji. Mdogo wangu huyu anautafutia mti nyumba! Mama wee, Nachingwea kuna mambo."

Kaimu anatabasamu kwa shida. Kuna jambo amelificha tangu mwaka 1948, na tangu juzi usingizi umemruka, maana anajua kuwa asubuhi hii huenda akalazimika kulisema.

Ana miaka thelathini na mmoja. Ni mtunza bustani katika nyumba za wakubwa pale Nachingwea, mji uliochipuka ghafla ulipokuja mradi wa karanga. Wenyeji waliuita Karanga tu, kwa kifupi. Ulikuja na matrekta na minyororo mizito, na mapori ambayo mababu walipita kwa kuinama yakawa uwanja mweupe.

Kazi ya Kaimu wakati ule haikuwa ya maua. Alikuwa mfunga mnyororo. Trekta likisimama, yeye huingia chini ya mti na kuuzungushia mnyororo shinani, kisha hukimbia pembeni na kupunga mkono. Alilipwa shilingi thelathini kwa mwezi. Anakumbuka siku moja walipohesabu miti mia moja na arobaini kabla ya adhuhuri.

Kazi ya miti midogo aliipata kwa Mzungu mmoja fundi wa matrekta, ambaye vibarua walimpa jina la Bwana Kipimo kwa sababu alipima kila kitu, hata chumvi. Bwana Kipimo alifundishwa ujanani na mzee wa Kijapani jinsi ya kuufanya mti uzeeke bila kurefuka. Siku moja alimkuta Kaimu akiumwagilia mche wa mkwaju kwenye sanduku la vipuri nyuma ya kibanda chake, akachuchumaa, na tangu siku hiyo wakawa wanashika mkasi pamoja kila Jumapili.

"Alinifundisha kukata mizizi na kupinda tawi kwa waya," anasema. "Lakini alisema chungu ndicho kigumu. Kina cha chungu kilingane na unene wa shina. Urefu wake uwe thuluthi mbili za urefu wa mti. Mti wenye magome makavu usiuvike chungu kinachong'aa. Chungu kisipige kelele kuushinda mti. Na lazima kitoboke kitakoni, maji yapate kutoka."

Hapo kwenye tundu ndipo penye kisa chote.

Mwaka jana mchwa walikula lile sanduku. Kaimu alikuja hapahapa akachukua chungu kipana, kizuri, kizima. Hakuthubutu kumwomba dada yake akitoboe. Alijidanganya kwamba atakuwa anaumwagilia mti kwa kijiko, kidogokidogo. Masika yakaingia, mvua ikapiga siku tatu mfululizo, chungu kikajaa kama karai, na mizizi ikalala majini. Juzi alichukua msumari na nyundo akitoboe mwenyewe. Kikapasuka vipande viwili.

Debe la mafuta halifai. Jua la saa saba hulichemsha na mizizi ikaiva. Kwa mfinyanzi mwingine je? "Niende kwa nani? Mfinyanzi asiyenijua nikimwambia anitobolee chungu, ataniuliza swali lilelile."

Sasa amekipata anachokitaka. Ni chombo cha chini, kipana, chenye mdomo mnene, kilichosukumwa nyuma ya vingine. Upande mmoja moto umekibabua kikawa na doa jeusi. Anakiweka chini mbele yake, anautoa mti guniani taratibu na kuusimamisha ndani yake. Anarudi nyuma hatua tatu. Anainamisha kichwa huku na huku. Doa jeusi limekaa chini ya tawi lililopinda, na magome yale makavu yanaonekana yamepata mahali pake.

"Hiki," anasema.

"Hicho?" Mwamina ananyanyuka. "Ala! Hicho moto ulikiharibu, nimekiweka nivunje nipate vigae. Hata kuku siwezi kumnyweshea, utanitia aibu. Chukua kile cha pale, nimekisugua kwa kokoto mpaka kinang'aa."

"Ndiyo maana sikitaki, dada. Hiki ndicho chenyewe."

"Haya. Macho yako. Kichukue."

Kaimu hakichukui. Anarudisha mti guniani na kuufunika vizuri, kazi ambayo ingemalizika haraka lakini anaichelewesha.

"Naomba unitobolee kitakoni. Tundu moja, la kupita kidole."

Mwamina anaacha kufuta mikono. Kicheko kimekwisha usoni.

"Nani kafa?"

Ndilo swali lenyewe. Katika vijiji hivi chungu kizima hakitobolewi kitako ila kwa jambo moja tu. Mtu akizikwa, chungu alichokuwa akikitumia hutobolewa na kuwekwa juu ya kaburi lake, ili asije mpita njia akakichukua kupikia. Mfinyanzi anayetoboa chungu pasipo msiba anaonekana anauita msiba. Mwamina ana watoto watano na wajukuu wawili, na yuko radhi kuvunja vyungu vyote kumi na saba kuliko kukitoboa kimoja bure.

"Nakuuliza, Kaimu. Nani kafa?"

"Baba," anasema Kaimu.

"Baba kafa mwaka wa kumi na moja huu! Usinifanyie mchezo na baba."

"Mti huu ni wa baba, dada. Ni mtoto wa ule mkwaju wa Kiegei."

Mwamina anakaa chini, palepale penye udongo. Mkwaju wa Kiegei, kijijini kwao, kila mtu wa ukoo anaujua. Mzee Awadhi alizikwa miguuni pake kwa kutaka mwenyewe, na kila mwaka walikwenda kufagia pale na kumsomea dua. Mwaka 1948 trekta liliung'oa. Mizizi ilipotoka iliinua ardhi yote, na mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika kaburi lilikuwa wapi. Ukoo uliambiwa kwamba ilitokea ghafla, hakuna mwenyeji aliyekuwapo. Kaimu alisema siku ile alikuwa kambi nyingine.

"Uliupata wapi?" anauliza Mwamina polepole.

"Ulikuwa umeota kando ya shina. Mdogo, wa kiganja. Niliurudia jioni."

"Uliurudia. Kwa hiyo ulikuwapo."

Kaimu anatazama mikono yake. Sauti inapotoka ni ndogo, lakini hakuna neno linalopotea. "Mnyororo niliufunga mimi, dada. Nilikuwa na wiki mbili kazini. Msimamizi alipiga filimbi. Nilitaka kusema hapa pana kaburi la baba yangu, mdomo ukawa mzito. Niliogopa kufukuzwa. Nikaufunga, nikakimbia pembeni, nikapunga mkono."

Mwamina anamtazama mdogo wake, mtoto aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani. Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Nililia miezi," anasema. "Wewe ukanishika bega. Ukaniambia, nyamaza dada, ni kazi ya Mungu. Kumbe kazi yako!"

Anainuka, anaingia ndani, na mlango unafungwa.

Saa tatu inapita. Saa nne. Kivuli kinalihama gunia na Kaimu analisogeza. Anachovya mkono kwenye mtungi na kulinyunyizia maji. Anaweza kwenda zake, hakuna aliyemshika. Anasema baadaye kwamba aliwaza kuchukua kile chombo bila tundu na kuondoka, aone itakuwaje, na kwamba miguu ndiyo iliyokataa.

Mlango unafunguliwa karibu na saa tano. Mwamina ameshika msumari mrefu ulionolewa ncha. Hamtazami. Anakilaza kile chombo kifudifudi juu ya lundo la majivu, anamwaga maji kidogo kitakoni na kuanza kuuzungusha msumari kwa viganja viwili, bila kugonga.

"Vya kaburini tunavitoboa kwa jiwe," anasema. "Vikipata ufa, haidhuru. Hiki kikipata ufa nawe huna kingine. Kaa kimya."

Msumari unakwaruza. Unga mwekundu unachanganyika na maji. Mara kinalia, ta! Kaimu anashika kichwa. Mwamina anapitisha kidole kitakoni, anasikiliza kwa kukigonga kwa ukucha, anaendelea. Jasho linamdondoka kidevuni. Anazungusha, anapumua, anazungusha, mpaka ncha inapotokea upande wa pili na mwanga wa jua unaonekana kupitia tundu.

"Usinishukuru," anasema kabla Kaimu hajafumbua mdomo. "Sijatoboa kwa ajili yako. Nimemtobolea baba, hatukupata kumwekea chungu kingine baada ya kile kusagwa na trekta. Na Kiegei utakwenda. Utakaa mbele ya baba mdogo Shaibu na watu wote, utasema kama ulivyoniambia mimi. Sitakwenda kukusemea, na wakiniuliza sitakuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nitakwenda mti ukipona."

"Na usipopona?"

Kaimu anachukua kisu.

Anakata mizizi myeusi yote, inayonuka, na kubakiza ile myeupe, michache mno. Anaweka kigae juu ya tundu, kisha mchanga wa mtoni, kisha udongo aliokuja nao kwenye kikapu. Anausimamisha mti, anaukandamiza kwa vidole, anamwaga maji. Wote wawili wameinama. Maji yanakaa juu kidogo, yanazama, kisha yanaanza kudondoka chini, tone kwa tone, machafu mwanzoni halafu safi. Mwamina anakinga kiganja chake chini ya tundu na kuyaacha yamjae mkononi.

Siku kumi na saba zimepita. Nyuma ya nyumba ya Kaimu pale Nachingwea, kile chombo chenye doa jeusi kimekaa juu ya jiwe bapa. Kwenye tawi lililopinda kimetokeza kichipukizi chekundu, chenye vijani vidogo kuliko punje za ufuta. Ni kimoja tu, na Kaimu anakiri hajui kama kitaishi.

"Nilisema nitangoja upone," anasema. "Uongo. Nilikuwa naomba upone, na papo hapo naomba usipone upesi. Nimechoka na mambo hayo. Nitakwenda nao hivihivi."

Tumaini lake ni moja, kwamba wazee wakishamsikia watakubali kutembea naye mahali pale na kukisia kaburi lilipokuwa, na hapo akiweke chungu, awe anakwenda kila mwezi kuupunguza mti na kuumwagilia. Akiulizwa itakuwaje wakimkataa, anajibu: "Watanikataa mimi. Mti wataupokea."

Mwandishi wa habari hizi alimwuliza kama angependa jina lake lifichwe gazetini. Kaimu alitikisa kichwa.

"Andika lote. Kaimu, mtoto wa Awadhi, mfunga mnyororo. Gazeti lenu huchukua wiki mbili kufika Kiegei. Mimi Ijumaa hii nitakuwa nimeshafika."