Simu Aliyoificha Marinalva

Kwa siku tatu Marinalva alikuwa akishona ovyo. Sketi za wacheza ngoma za sikukuu za Juni zilijaa chumbani kwake, mtaa wa mlimani jijini Recife, na kila pindo alilolimaliza alilifumua tena.

Haikuwa kawaida yake. Ushonaji alifundishwa na bibi yake, na jina pia alilipata kwake. Alipozaliwa walimwandika mvulana. Alipotimiza miaka ishirini alivaa gauni aliloshona mwenyewe, akamwomba bibi ruhusa ya kutumia jina lake. Bibi akamtazama juu chini, akasema, "Chukua. Lakini pindo la nyuma limepinda."

Kilichobaki ni upasuaji, mwili nao ufuate jina. Hospitali ya serikali ilikuwa ikiufanya bila malipo, ila foleni haikusogea, na Marinalva alikuwa ameingia mwaka wa tisa. Hakusubiri kimya. Kila mwaka alisimama langoni na kipaza sauti, akawaambia wakubwa kwamba jengo lile limejengwa kwa kodi ya sabuni na unga wa mihogo, kodi ambayo maskini hawaambiwi wasubiri kuilipa. Na alisema kweli tupu.

Mwaka huu mtaa ulichoka kumwona akisubiri. Rafiki yake Dayane, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ileile, ndiye aliyetoa wazo: wacheze bingo, mchezo wa kadi za namba, mshindi apewe mbuzi, na fedha za kadi zimpeleke Marinalva kwa daktari binafsi jijini São Paulo.

Alhamisi simu ikalia. Namba ngeni. Recife nani hupokea namba ngeni siku hizi, wakati wote ni matapeli na wauza mikopo? Alidhani ni mteja wa sketi, akapokea.

"Nafasi yako ya upasuaji imetoka," mama wa hospitali ya serikali akasema. "Njoo Jumatatu asubuhi uthibitishe. Usipokuja, tunampa anayefuata."

Hakumwambia mtu. Daktari wa São Paulo alikuwa ameongea naye kwa upole, akamwahidi chumba cha peke yake. Kule kwa serikali alikumbuka siku ya kwanza, karani alipoliita jina la kiume mara tatu kwa sauti, korido nzima ikageuka kumtazama. Basi akajiambia: nikinyamaza, Dayane atasogea mbele, namwachia nafasi. Ulikuwa uongo mtamu, akaulamba siku tatu. Hakuwa akimfikiria Dayane. Alikuwa akiifikiria korido ile.

Jumapili mchana ukumbi wa kikundi cha ngoma ulifurika. Dayane alishika kipaza sauti, akiita namba kwa mzaha.

"Ishirini na mbili! Bata wawili ziwani! Mzee Severino, acha kuchungulia kadi ya jirani!"

"Namchungulia mbuzi!"

"Mbuzi mwenyewe hakutaki!"

Bi Zefinha, muuza chapati za mhogo, akamvuta Marinalva mkono. "Mwanangu, nitazamie, ishirini na mbili ninayo? Jicho hili limejaa ukungu."

"Unayo, Bi Zefinha. Si ulisema mwezi huu unakwenda kupasuliwa?"

"Ah, akiba nimenunulia kadi. Jicho nimeshalizoea. Wewe bado kijana, nenda ukatengenezwe."

Marinalva akairudisha kadi mezani. Alipita katikati ya meza, akamnyang'anya Dayane kipaza sauti. Yeye aliyezoea kupigia kelele lango zima la hospitali, sasa sauti ikatoka kama ya kifaranga.

"Hospitali wamenipigia. Nafasi yangu imetoka. Kesho."

Ukumbi ukalipuka. Watu wakapiga meza kwa viganja, mmoja akamkumbatia, Dayane akaanza kulia. Walidhani simu imeingia dakika ile ile. Angeweza kuliacha hapo, asiwepo wa kumuuliza chochote maisha yake yote.

"Walipiga Alhamisi," akasema.

Viganja vikatulia kimoja kimoja.

"Alhamisi?" Dayane akafuta machozi. "Mimi Ijumaa nimepanda ngazi zote za mlima huu na jua lile, nauza kadi zako!"

"Najua."

"Hujui! Bi Zefinha nimemuuzia mimi! Ungesema lini?"

Marinalva akashusha kipaza sauti. "Nadhani nisingesema."

"Na mbuzi je?" Mzee Severino akauliza kwa unyonge.

"Wewe nyamaza!" ukumbi ukamjibu.

Marinalva akalichukua kopo la fedha za kadi, akaanza kuzirudisha, kwanza kwa Bi Zefinha. Bi kizee alipokea, na safari hii hakumwita mwanangu. Wengine walificha mikono nyuma, wakamwambia aende zake na fedha zile, atazihitaji akiwa kitandani. Hao ndio waliomuumiza zaidi. Aliwawekea mezani, akapita. Meza baada ya meza alisema maneno yale yale, "Nilijua tangu Alhamisi," na hayakuwa mepesi hata mara moja.

Alipotoka nje alimkuta Dayane ameegemea ukuta, amekunja uso.

"Kesho saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Lakini huna haja ya..."

"Nitakupitia saa kumi na mbili. Nataka nikuone kwa macho yangu ukiingia." Akaanza kushuka ngazi, kisha akageuka. "Na njiani usiniongeleshe."