Pasi Niliyomficha Dada Aikande

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila ninapomsikia kijana akisema kwenye simu, "Fundi, imekataa tu." Miguu yangu haijajua kutulia tangu nilipomaliza kidato cha nne. Nimeishi Babati, nimeishi Mto wa Mbu, nimepanga chumba Namanga na nikakihama kabla sijakizoea, na kila mahali nimelisikia neno hilo. Mimi hutabasamu, kisha huona haya kidogo. Mimi mwenyewe nililisema siku hiyo, na nusura limgharimu mtu ambaye hakuhusika kabisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwetu ni Daa, kule Karatu, na baba alitaka nibaki tulime naye ngano na maharage. Nikamwachia jembe lake nikapanda basi la Wasso. Ilikuwa safari ya siku nzima: geti la hifadhi, ukungu wa pale juu kwenye ukingo wa kreta, halafu mteremko na ile mbuga ambayo macho huchoka kabla haijaisha. Unafika meno yakiwa na vumbi. Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi la kiangazi moyo wangu hufungasha.

Nilipata kazi katika zahanati moja ndogo kabla ya kufika Wasso, kuandikisha wagonjwa kwenye kompyuta. Madaftari ya karatasi yalishaliwa na mchwa mara mbili, ndipo wenye zahanati wakasema kumbukumbu zote ziingizwe kwenye mashine, maana mchwa hali kompyuta. Ni kweli hali. Lakini kompyuta nayo ina njia zake za kufa, na ile ya kwetu ikafa.

Dada Aikande, fundi wetu aliyekaa Arusha, Mmachame wa maneno makavu na moyo laini, akatutumia nyingine kwa basi pamoja na diski iliyoviringishwa kwenye taulo. Ndani ya diski kulikuwa na faili moja kubwa sana. Alinieleza kwamba faili hilo ni kompyuta nzima isiyo na mwili. Programu zote za zahanati zimeshapangwa ndani yake. Kazi yangu ni kulinakili ndani ya kompyuta hii yenye mwili na kuliwasha, nalo litaamka kama mtu aliyetoka usingizini. Likishaamka, tuliingizie kumbukumbu za wagonjwa, ambazo Nesi Veronika, mkuu wangu pale zahanati, alizitunza kwenye diski nyingine, kwenye droo yake. Bila mashine hiyo ya Aikande, kumbukumbu zile zisingefunguka.

Nikaanza kunakili asubuhi. Ilikuwa kazi ya karibu saa nzima, na kijana akiachwa saa nzima peke yake hutafuta la kufanya. Jioni kulikuwa na mazoezi ya kwaya, na kwenye sauti ya pili kulikuwa na binti mmoja, basi, tuyaache hayo. Nilitaka shati langu linyooke. Nesi Veronika alikuwa ameshakataza pasi, kwa sababu umeme wetu ulikuwa wa sola na ule mtambo wake mdogo wa kubadili umeme, inveta, haukuweza kubeba pasi. Nilijua. Nikachomeka. Sijamaliza hata kola, inveta ikalia mlio mrefu na kila kitu kikazima, kompyuta ikiwemo.

Nikaificha pasi chini ya meza, nikawasha upya. Nikaliona jina la faili limekaa pale kwenye kioo. Nikajisemea, limefika. Kumbe jina ndilo lililofika, mwili wake umebaki njiani.

Nikaliwasha. Kikatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza. Sikuyasoma, nikakifunga. Nikajaribu tena, kikatokea tena, nikakifunga tena. Nikabadili hiki, nikapunguza kile, nikaiondoa programu nikairudisha. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka bila hata kalamu mkononi. Kufikia saa tano nisingeweza kukuambia nimegusa nini na nini sijagusa.

Saa hiyo ndipo walipofika Mzee Saning'o na binti yake Nashipai, kutoka Malambo, juu ya lori la mnada. Nashipai alikuwa katikati ya dawa za kifua kikuu. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vya siku ile na kesho yake tu. Kadi yake haikuwepo. Mzee alimwambia nesi kwamba imeliwa na mbuzi.

"Dawa hizi zina hatua," Nesi Veronika akaniambia pembeni. "Sijui alianza lini, sijui uzito wake ulikuwaje. Nikimpa za hatua isiyo yake, namharibia. Nikimwachisha njiani, namharibia zaidi. Mashine yako inaamka lini?"

"Sasa hivi, dada."

"Sasa hivi ya kwenye saa, au sasa hivi ya kwenu Karatu?"

Lori lilikuwa linarudi Malambo alfajiri, na jingine lingepita baada ya wiki nzima. Nashipai alikuwa amemwacha mtoto mchanga kwa mama mkwe. Kwa hiyo alikuwa na njia mbili: kukaa wiki mbali na mtoto, au kurudi kwa mtoto bila dawa.

Simu pale ilishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya ghala, nawe unyooshe shingo kama twiga. Nikapanda.

"Dada Aikande, imekataa tu."

"Imekataa nini, posa?"

"Kuwaka."

"Kioo kinasemaje?"

"Kinasema kuna tatizo."

"Hilo hata mimi nalijua, ndiyo maana umepiga. Nataka maneno, Bura. Neno kwa neno."

"Nimeshayafunga."

Halafu akaniuliza, taratibu, "Wakati unanakili, umeme haukukatika?"

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi pale. Ningesema ndiyo tu. Lakini niliiona pasi, nikamwona Nesi Veronika, nikaiona kazi yangu inapanda basi kurudi Daa.

"Haukukatika."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, dada."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Basi faili limeharibikia huku kwangu. Nitatengeneza jingine, nimpe dereva wa basi keshokutwa. Nisamehe, mdogo wangu. Kosa ni langu."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, na matusi yote nimeyasahau. Hilo "nisamehe" sijalisahau.

Nikashuka nikawapa jibu. Nashipai hakulia. Alijishika kifua tu, kwa sababu saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita na maziwa yameanza kuloanisha nguo yake. Nikaangalia chini.

Mzee Saning'o alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, fimbo katikati ya magoti. "Ero," akaniita, ndivyo Wamasai wanavyomwita kijana, "keti hapa. Nipe habari."

"Habari ndiyo hiyo, mzee. Imekataa."

"Huo ni mkia wa habari. Ng'ombe mwenyewe yuko wapi?"

Labda wewe hujakaa na Wamasai, kwa hiyo nikueleze. Wakikutana njiani hawaishii kwenye hujambo. Mmoja hutoa habari za safari yake tangu alipotoka bomani: alipita wapi, nyasi zikoje, maji yako wapi, nani anaumwa, alikosea njia wapi. Mwingine huitikia "ee", "ee", wala hamkatizi mpaka amalize. Kisha naye hutoa zake.

"Sikiliza zangu kwanza," mzee akasema. "Tulitoka Malambo jua halijachomoza. Hewa ilikuwa nzuri. Tulipofika korongoni lori likakwama, tukasukuma. Baada ya korongo nikatoa mkebe wangu wa ugoro. Kadi ya mtoto huyu ilikuwa ndani ya mkebe, kwa sababu mimi ndiye niliyesema wanawake hupoteza vitu. Nikafungua, upepo ukaichukua. Sikusimamisha lori. Niliona aibu mbele ya vijana."

Nashipai akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. "Papa, si ulisema mbuzi?"

"Mbuzi lilikuwa jibu," mzee akasema bila kupepesa. "Hizi ni habari."

Nesi Veronika akamtazama juu ya miwani yake, akashindwa kukasirika.

Mzee akanigeukia. "Katika habari za njia mtu hadanganyi, hata kama ni za aibu. Anayekusikiliza kesho atapita njia hiyo hiyo na ng'ombe wake. Ukimficha mahali palipo na simba kwa sababu ulikimbia, wewe ndiye uliyemla. Yule dada wa kwenye simu, si anapita ulikopita wewe? Haya. Toka bomani."

Nikaanza. Nilipoifungua diski. Ee. Nilipoanza kunakili. Ee. Halafu nikafika mahali pa aibu. Waliosema mficha uchi hazai hawakusema kuufunua kunauma kiasi gani. Nikatazama sakafu nikasema, "Nikachomeka pasi. Umeme ukakatika."

"Pasi?" Nesi Veronika akauliza.

"Pasi, dada."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Na shati lenyewe halijanyooka."

"Ee," mzee akaitikia, sauti ile ile aliyoitikia habari nyingine zote. "Halafu?"

Nilipomaliza, nesi akanichania karatasi mbili kwenye daftari lake akanipa kalamu. Nikarudi kwenye mashine, safari hii bila papara. Nikaandika niliyoyafanya tangu asubuhi, kwa mfuatano, pamoja na yale niliyokuwa sina uhakika nayo, nayo nikaandika kwamba sina uhakika. Nikaliwasha tena faili nikasubiri kile kisanduku kitokee, nikanakili maneno yake herufi kwa herufi, hata yale nisiyoyaelewa. Nikaandika ukubwa wa faili kwenye diski ya Arusha, kisha ukubwa wa lile lililokuwa kwenye kompyuta. Hapo kalamu ikasimama. La kwenye kompyuta halikufika hata nusu.

Nikapanda kichuguu na karatasi zangu. Aikande alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa Mmasai, lakini hakunikatiza.

"Kwa hiyo huku kwangu hakukuharibika kitu," akasema.

"Hakukuharibika, dada. Nilikudanganya."

"Nilikuwa nimeshaanza kutengeneza jingine." Nikangoja kipigo. "Bura, pumua. Lifute hilo nusu. Rudisha ulivyovibadilisha, nitakusomea kimoja kimoja uandike. Nakili upya. Likimaliza, linganisha ukubwa kabla hujaliwasha. Na wakati linakwenda, mikono yako ikae mapajani."

Tulikaa sote mle chumbani karibu saa nzima tukitazama ule mstari wa kijani ukitambaa. Nesi Veronika alihamishia kiti chake mbele ya soketi akakikalia. Mzee alisema hajawahi kuona watu wanne wakichunga mnyama mmoja asiyetembea. Mstari ukafika mwisho. Nikalinganisha tarakimu, zikawa sawasawa. Nikaliwasha. Kioo kikawa cheusi kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, kisha likaamka, nasi tukaliingizia kumbukumbu za kwenye diski ya nesi.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima Nesi Veronika alipolipata jina: Nashipai Saning'o, Malambo, tarehe aliyoanza, uzito wake, hatua aliyofikia. Akapimwa upya, akahesabiwa vidonge vya mwezi mzima, akaandikiwa kadi mpya. Mzee akanyoosha mkono kuipokea. Nashipai alikuwa ameshaifunga kwenye pindo la shuka lake.

Alfajiri lori lilipita mbele ya zahanati. Alikuwa amekaa karibu na dereva, amejifunga vizuri, anakwenda kwa mtoto wake. Hakunitazama, na hakuwa na sababu ya kunitazama. Mimi nilisimama mlangoni mpaka vumbi likatua.

Mwanangu, wewe sasa unashika mashine ambazo mimi sitazielewa, na mafundi wako wako mbali kuliko Arusha. Lakini fundi wa mbali ni yule yule. Hana macho ila uliyoyaona wewe, hana masikio ila uliyoyasikia wewe. Ukimwambia "imekataa", umemfunga kitambaa usoni ukamwambia tembea. Kwa hiyo kabla hujagusa, soma. Kabla hujabadilisha, andika. Yale maneno unayokimbilia kuyafunga, pengine ndiyo dawa yenyewe. Usijifanye unajua usichokijua. Kusema "hapa sina uhakika" nako ni habari, tena ni habari njema. Na lile jambo dogo la aibu, lile unalotaka kuliruka ukisingizia kwamba halihusiki, anzia hapo. Mara tisa kati ya kumi ndilo lenyewe. Usipolisema, mtu mwema ataomba msamaha kwa kosa lako, na mtu mwingine usiyemjua atalilipa kwa mwili wake.

Wala usidhani nakusema kuhusu mashine peke yake. Daktari, mwalimu, mkeo, Mungu wako, wote wanahitaji habari tangu ulipotoka bomani.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuvushe makorongo yaliyojaa, akukutanishe na watu wavumilivu, na siku utakapokosea, maana utakosea, aufungue mdomo wako mapema, wakati jambo bado linatengenezeka.