Nilimficha Kaka Mtandaoni, Rungwa Wakamjua

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Kaka yangu haonekani, na aliyempoteza ni mimi, mdogo wake wa tumbo moja, kwa ujuaji wangu!

Mimi niko Manyoni mjini, natengeneza simu. Kaka anafuga nyuki Rungwa. Msimu wa kurina asali anaingia porini, anapiga kambi huko hadi amalize. Safari hii alikuja kwangu na picha aliyoipiga porini kwa simu yake: wanaume wawili wa kijijini kwake wanakausha nyama ya twiga. Majangili! Alitaka kuwasema, ila aliogopa kujulikana.

Nikamwambia upo mtandao wa siri. Ujumbe unapitishwa kwenye kompyuta za nchi za watu, moja baada ya nyingine, mpaka aliyeutuma hajulikani.

"Hizo kompyuta ni za nani?" akauliza.

"Za watu tu, kaka. Wanajitolea."

"Unawajua?"

"Siwajui, nao hawatujui. Uzuri wake ndio huo."

"Mdogo wangu, mimi porini silali kambi moja na mtu nisiyemjua. Nyie mnawezaje?"

Nilicheka. Jamani, nilicheka! Nikamweleza kwamba kila kompyuta inajua kipande kidogo tu cha safari, kwa hiyo hata akiwamo mwizi haambulii kitu. Mwisho akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma."

Nikafuta kila taarifa iliyojificha ndani ya picha: mahali, saa, aina ya simu. Nikaituma kwenye tovuti moja inayochapisha malalamiko ya wananchi. Na niseme ukweli, mtandao wenyewe haukunidanganya. Mpaka leo hakuna anayejua simu iliyotuma.

Hawakuhitaji simu! Picha ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi ikafika Rungwa. Nyuma ya ile nyama, juu mtini, ulikuwa unaning'inia mzinga wa gogo wenye alama ya kaka. Kule kila mfugaji anachonga alama yake kwenye mizinga, na wenzake wote wanaijua. Upande ule wa pori anayekwenda kurina ni yeye peke yake. Sasa nani mwingine angesimama pale na simu?

Mimi nilitafuta sura na namba za kumtambulisha tu. Mzinga niliuona, nikaona ni mzinga tu.

Mizinga yake wameichoma moto. Akaaga anakwenda kuangalia kilichobaki, hakurudi. Askari wa wanyamapori wametafuta wamechoka. Wifi ananipigia kila asubuhi, namwambia bado sijasikia kitu. Na mama, masikini, anasema, "Wewe si fundi wa simu? Mtafute basi huko kwenye mitandao yenu, mwanangu." Nafunga duka nalia. Natamani hata anipige!

Nyie mnaobishana kama mitandao hii inaaminika, nisikilizeni. Itakuficha wewe uliyetuma. Ulichokituma haikifichi, wanaokifahamu watakisoma. Usitume picha aliyokupa mtu kabla hajaitazama mwenyewe, polepole, kwa macho ya watu wa kwao.

Kaka aliniomba aione tena kabla haijaenda. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikamwambia, "Kaka, niamini," nikabonyeza.