Kiti cha Ouma Nilichokipiga Msasa

Nilimliza mtoto wa watu kwenye matanga ya wenyewe, na machozi yake hayakuhusu marehemu hata kidogo. Yalihusu kiti nilichokuwa nimekalia.

Naitwa Gordon Wechuli. Nafyeka nyasi kwa watu huko Milimani, Kisumu. Mdomo wangu hufanya kazi kuliko mikono, hiyo mke wangu Dorca atawaambia bila kuulizwa.

Mwaka jana mama mmoja mzungu niliyemfanyia kazi alihama. Mpishi akapewa friji. Mimi nikapewa kiti cha mbao cha kukunja.

Nilikasirika, wacha tu.

Lakini kusema ukweli kilikuwa kiti kweli kweli. Ukikikunja kinalala bapa kama daftari, na hakina msumari hata mmoja. Nikakigeuza, nikakuta maandishi chini, yamechomwa kwa moto: R. OUMA 7/20.

Sasa huku kwetu, ukiazima watu viti vya matanga, unaandika jina lako chini ndio visipotee. Nikajua tu huyu Ouma ana viti ishirini, na hiki cha saba kilipotelea mazishini, mjanja fulani akamuuzia mzungu.

"Mwenyewe akikiona kwangu nitaitwa mwizi," nikamwambia Dorca.

"Si umtafute umuulize?"

"Akina Ouma wako wangapi hapa Kisumu?"

Nikanunua msasa. Nilisugua Jumamosi nzima mpaka jina likaisha, halafu nikaandika WECHULI kwa rangi ya bluu, ile ya kupaka geti. Nikajiona nina akili sana.

Mwezi wa nne tukaenda kumzika mjomba wa jirani yetu, huko Katito. Nikabeba kiti changu. Watu wamekalia plastiki, mimi nimekunja nne katikati ya tenti kama mheshimiwa.

Mwanamke mmoja akaja akachuchumaa mbele yangu, akashika mguu wa kiti kabla hata ya kunisalimia.

"Mzee, samahani. Hiki kiti umetoa wapi?"

Nikajua mwenye viti ishirini amenifikia.

"Ni cha familia," nikasema. "Babu yangu alikitengeneza kwa mkono wake huko Bungoma, kabla ya uhuru."

Sijui babu aliingiaje hapo. Babu yangu alikuwa anauza chumvi.

"Naomba nione chini."

Nikasimama kwa madaha. Akakigeuza, akasoma WECHULI, akakaa kwenye nyasi akalia.

Aliitwa Lorine. Baba yake, Robinson Ouma, alikuwa fundi hapo hapo Katito. Vile viti alitengeneza ishirini tu, akavipa namba, wageni wakavinunua vyote wakaenda navyo kwao. Alipofariki, nyumbani hakikubaki hata kimoja. Lorine alikuwa ametafuta miaka sita.

"Alituambia hii namna ya kukunja aliivumbua mwenyewe," akasema. "Kumbe aliiga kwa babu yako. Baba alitudanganya."

Halafu akainuka, akafuta macho, akaniomba mimi msamaha kwa usumbufu.

Nilitaka kunyamaza, sitawaficha. Ningenyamaza, ningerudi nyumbani na kiti changu na hakuna mtu angejua. Lakini alikuwa anaondoka akiamini baba yake alikuwa mwongo, na mwongo alikuwa mimi.

Nikamkimbilia.

"Dada, babu yangu hajawahi kushika msumeno. Jina la baba yako lilikuwa hapo chini, namba saba. Nililitoa mimi."

Watu wakaacha chai.

"Ulilitoa na nini?" akauliza polepole.

"Msasa."

Nikamwachia kiti. Nikajitolea kuandika tena R. OUMA kwa ile rangi yangu ya bluu. Akasema nisithubutu.

"Wewe utaandika kitu kingine. Andika yale ulifanya, uweke mahali watu wanasoma. Na jina la baba uweke lote."

Ndiyo hii. Kile kiti kilitengenezwa na Robinson Ouma wa Katito, na hakuiga mtu yeyote.

Ukikuta jina la mtu kwenye kitu, ndugu yangu, uliza kwanza. Mimi niliogopa kuitwa mwizi wa kiti, nikaenda nikaiba jina la marehemu.